Wembe wa Baba Mkwe

Alhamisi, 5 Septemba

Leo nimesema uongo. Mdogo tu. Nauandika hapa kwa sababu nina siku kumi za kuugeuza uwe kweli, na sitaki kusahau nilisema nini hasa.

Kikao cha familia kwa baba mkwe, Mzee Bura, hapa hapa Basotu. Jumapili ya tarehe kumi na tano yeye na mama mkwe, Bibi Marieta, wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Padre atawabariki mbele ya kanisa zima. Ng'ombe yupo. Kwaya inafanya mazoezi. Kitenge cha sare kimeshashonwa. Kila kitu kiko tayari isipokuwa bwana harusi, ambaye hataki.

Sababu ni ndevu. Tangu ujana wake, alipokuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano, mzee alijinyoa kila Jumamosi kwa wembe wake wa kukunja, ule wa zamani wenye kipini cha pembe. Mwezi wa nne akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia umelegea. Ndevu zimefika kifuani. Hajatoka nje ya ua miezi mitano sasa, na leo ametamka wazi kwamba hasimami altareni akiwa kama beberu. Jubilei ifutwe.

Mama mkwe alikichukua kile kitenge, akakikunja taratibu, akakirudisha kwenye mfuko. Roho iliniuma.

Patriki akadandia. Patriki ni mwanyumba wangu, ameoa Kornelia, dada wa mke wangu. Ana kibanda cha kunyolea chenye mashine ya umeme wa jua, na ana kiherehere. Akasema ataleta mashine. Mzee akajibu kwamba mashine ni ya kondoo, shavu la mtu mzima linataka wembe. Ndipo mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema mimi wembe wa kukunja naujua, nilifundishwa nilipokaa Babati.

Babati nilikaa wiki mbili, nikiuza soksi.

Mzee akaniuliza, wembe umelala miezi mitano, nitaunoaje? Nikajibu bila kusita: kwa tupa. Akacheka! Upande mmoja wa mdomo, lakini alicheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa nne. Nimemvutia, hilo ni wazi. Akamwambia mama mkwe aniletee wembe na mkanda wake wa ngozi. "Mtoto akililia wembe, mpe," akasema.

Sasa siri, na inabaki humu. Mzee ana kitalu cha vitunguu kando ya ziwa. Tangu augue kimelala tu. Lazima atachagua mkwe mmoja wa kukilima. Patriki anakitaka. Mimi nakitaka zaidi. Atakayemnyoa mzee atakuwa karibu na sikio lake nusu saa nzima, na mzee hataweza kuondoka. Mpango mzuri kuliko huu sijawahi kuwa nao.

Mke wangu Verediana amenikumbusha mradi wa sungura. Halafu akauliza tangu lini mkwe akamshika baba mkwe kidevu. Wanawake hawaoni mbali.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimeufungua wembe. Mama yangu! Umekata kamba ya kiatu, kona ya kalenda na ukucha wangu mmoja, na sikuwa nimekusudia hata kimoja.

Nilikwenda kwa jirani Alfredi kuazima tupa. Ameiazimisha kwa mtu wa Masakta, hajairudisha. Watu wengine hawana shukrani. Basi nikabaki na mkanda wa ngozi. Nikatafuta video kwenye simu. Bwana mmoja mnene, anaongea Kichina au lugha jirani yake, ametundika mkanda kwenye msumari na anapitisha wembe juu yake huku na huku, haraka, bila hata kuutazama. Alipofika kwenye shavu bando likaisha.

Nikatundika mkanda. Nikapitisha wembe huku na huku, haraka, bila kuutazama. Mkanda ukakatika vipande viwili.

Mkanda wa Mzee Bura! Umri wake ni mkubwa kuliko wa mke wangu. Nimevifukia vipande nyuma ya banda la kuku. Mkanda wangu wa suruali, ule wa kanisani, una upana ule ule. Nimekata kile chuma cha kufungia. Hakuna atakayejua.

Jumamosi, 7 Septemba

Nakumbuka kwenye video kulikuwa na puto. Nikanunua maputo matatu dukani. Mwenye duka akauliza nani ana sherehe. Nikamwambia ni mambo ya ufundi.

Puto la kwanza: nilipaka povu, nikagusa, likapasuka. Povu lote machoni. Puto la pili: vivyo hivyo, na mdomoni. La tatu nilililegeza, likawa na mikunjo, na kwa kweli lilifanana zaidi na shavu la mzee. Nililinyoa vizuri mno. Lakini puto halina ndevu. Ushindi wa namna hiyo ni wa kujidanganya, na mimi sijidanganyi.

Nani ana ndevu hapa jirani, na hatamwambia mtu? Beberu wa Alfredi.

Nilimfunga kwenye nguzo ya mlangoni kwangu wakati Alfredi yuko shambani. Nikampaka povu. Akalilamba. Nikampaka tena. Nikashika wembe, nikashusha pumzi, nikaomba kwa mtakatifu wangu, na beberu akageuka kuniangalia. Ndevu zote zikaanguka kwa mkupuo mmoja! Damu hakuna. Kelele hakuna. Nimefuzu.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya misa Alfredi alinisimamisha nje ya kanisa. Akasema mbele za watu kwamba beberu wake tangu jana anadharauliwa na wake zake. Wanampiga pembe. Hawamtambui. Akataka kujua kwa nini ndevu zake zimekutwa mlangoni kwangu.

Patriki alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema basi mzee awe na amani, kwa kuwa mwenyewe alijiita beberu, fundi amepatikana.

Tukapita kumwamkia mzee. Shikamoo, marahaba. Akauliza habari ya wembe. Nikasema umenoleka sana. Akauliza tupa niliyotumia ilikuwa ya meno madogo au makubwa. Nikafikiri kidogo, nikasema ya kati. Akacheka tena, upande ule ule! Siku mbili, vicheko viwili. Patriki hajapata hata kimoja.

Mama mkwe alinisindikiza mpaka kwenye mlango wa ua. Aliangalia nyuma kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Baba Doris, usije ukamkata. Sina mwingine."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Njia nzima kurudi nyumbani nilipita nikitazama shingo za wazee.

Jumatatu, 9 Septemba

Imebidi nijaribu kwa binadamu. Nilimwomba Verediana. Akaniuliza kama nimemwona na ndevu. Nikamwomba Alfredi. Akamfungia beberu ndani. Nimebaki mimi.

Nilianza na zile nywele za kando ya sikio, mahali pa hatari ndogo. Kulia nikapandisha kidogo. Kushoto nikapandisha sawa, kumbe nimezidisha. Nikarudi kulia kusawazisha. Nikarudi kushoto. Nikaendelea kusawazisha hivyo kwa haki, bila upendeleo, mpaka pande mbili zikakutana utosini.

Sasa sina unywele. Kichwa chote kinang'aa, na kina vipande saba vya karatasi ya daftari mahali pa mikato. Macho mekundu kwa sabuni. Verediana aliingia, akanitazama, akatoka, nikamsikia anacheka nyuma ya nyumba kwa muda mrefu. Aliporudi alinipaka mafuta ya nazi kwenye mikato, kwa upole, mmoja mmoja. Akasema nina kichwa kizuri kumbe. Nimefurahi.

Jumanne, 10 Septemba

Nilikwenda gulioni kununua sabuni nyingine. Watu wananipisha njia. Wananivulia kofia. Nikaona, kumbe kipara kinaleta heshima!

Justina anayeuza nyanya aliniangalia kichwa, akashika kifua, akauliza kwa sauti ndogo, "Mzee je?"

Nilikuwa nimetoka huko asubuhi, mzee alikuwa amelala. Nikamjibu, "Mzee amepumzika."

Akafumba macho. Akanipa nyanya tano, akakataa kabisa malipo. Akaniambia nijikaze, mimi ndiye mwanaume. Nikamwambia najikaza. Mtu mwema sana, yule mama.

Jumatano, 11 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Saa nne asubuhi nikasikia vilio upande wa kwa mzee. Nikakimbia. Ua umejaa! Wanawake wamejifunga kanga kiunoni, wanaingia na kuni na unga. Vijana wanafunga turubai. Jumuiya yote ipo, mwenyekiti ana daftari la msiba. Watu wametoka Masakta, wengine Balangdalalu kwa pikipiki. Wanakuja kwangu, wananishika mikono miwili, pole, pole sana, kazi ya Mungu haina makosa. Na kila mmoja anakitazama kichwa changu.

Ndipo nikaelewa. Huku kwetu mtu hanyoi kichwa chote kwa wembe bila sababu. Ananyoa akiwa amefiwa. Na kila mtu anajua mgonjwa wetu ni nani. Na mimi kwa mdomo wangu nikamwambia Justina kwamba amepumzika! Mtu mzima, mgonjwa, amepumzika. Nani angefikiri amejinyoosha kitandani tu?

Nilitaka kusema. Kila nikifungua mdomo mtu ananikumbatia.

Mama mkwe alikuwa kisimani. Akaingia na ndoo kichwani, akakuta anafiwa. Ndoo ikaanguka. Sitaisahau sura yake mpaka siku yangu. Akakimbilia mlangoni, na mlango ukafunguka kabla hajaufikia, na Mzee Bura akatoka na fimbo yake, ndevu mpaka kifuani, akauliza nani amekufa.

Watu walirudi nyuma kama ng'ombe walioona moto. Bibi mmoja alikaa chini palepale. Mwenyekiti akaanza kufuta kitu kwenye daftari.

Nikajitokeza. Nikaeleza yote, kichwa, sabuni, Justina, amepumzika. Nilieleza vibaya, lakini nilieleza. Nilitegemea fimbo. Mzee akakaa kwenye kiti kilichokuwa kimeandaliwa kwa ajili ya padre, akawatazama watu wote wale.

"Mmetoka mbali," akasema. "Semeni mliyokuja kusema. Nipo."

Kwanza wakaona haya. Halafu wakasema. Mmoja akasimulia jinsi mzee alivyombeba mke wake mwenye uchungu kwa trekta, mwaka wa mvua kubwa, barabara imekatika, na mtoto akazaliwa salama. Mama mmoja akasema alisomeshwa na mzee mpaka darasa la saba, na mzee alimkataza kumwambia mtu. Mama mkwe mwenyewe hakuwa analijua hilo. Nililia. Patriki pia alilia, lakini mimi nilianza.

Mwisho akasimama Mzee Gidion wa Balangdalalu. Hawa wawili walikuwa marafiki wa kuendesha trekta pamoja, kisha dume la mmoja likala maharage ya mwingine, wakanyamaziana miaka kumi na mmoja. Alikuwa anazungusha kofia mikononi.

"Nilikuja kukuomba msamaha ukiwa huwezi kunijibu," akasema. "Sasa umeniharibia."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Wakapeana mikono, ya kushoto, maana wa kulia haupandi. Chakula cha msiba kikaliwa, kwa kuwa kilikuwa kimeshaiva.

Ningeweza kuishia hapo, siku ingekuwa njema. Lakini yule bibi aliyekaa chini akasema kwa sauti, bila ubaya, kwamba wala hakumtambua mzee kwa ndevu hizo, alidhani ni mzimu. Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Akaupeleka mkono kidevuni, akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Jioni akaja mtu na ujumbe. Wembe urudishwe.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimeurudisha, pamoja na ule mkanda. Mama mkwe aliupokea bila kuniangalia. Nilijiona mjinga. Si kwa ajili ya kitalu. Kitalu sikukikumbuka mpaka nilipofika nyumbani, na hilo nalo linanitia wasiwasi.

Kesho Patriki ameruhusiwa kujaribu mashine. Basi mchana nikawa na mpango mdogo. Waya unaoshuka kutoka kwenye paneli ya jua ya kibanda chake unapita nyuma, chini, mahali pasipoonekana. Waya ukilegea, betri haijai. Betri isipojaa, mashine haiungurumi.

Nikazunguka nyuma ya kibanda. Nikachungulia kwenye ufa. Patriki alikuwa peke yake, anachemsha meno ya mashine kwenye kisufuria. Aliyafuta, akayapaka mafuta, kisha akajaribu kwenye mkono wake mwenyewe, taratibu, mara tatu. Halafu akapiga ishara ya msalaba.

Kumbe naye anaogopa! Nikauacha waya. Nikaenda zangu nimeinamisha kichwa. Miiba ya ua wake ikanichana upara.

Ijumaa, 13 Septemba

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Leo nilikaa kando na maji yangu, nikatazama.

Patriki alipunguza zile ndefu vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Zikabaki kama za wiki mbili. Kisha akaibana mashine kwenye shavu la kulia ili ishike chini kabisa. Mzee ametulia, anatazama mbele. Patriki anapitisha, mzee ametulia. Halafu mama mkwe akapiga kelele. Damu ilikuwa inashuka shingoni mpaka kwenye kola, na mzee ametulia vile vile.

Akapandisha mkono wa kushoto, akagusa, akaangalia vidole. Akawa kama mtu aliyeonyeshwa barua ya mtu mwingine. Hakumgombeza Patriki. Alisema tu amechoka, tumwache.

Patriki alitoka nje, akaketi kwenye gogo, akalia. Nilikuwa nimeisubiri siku hii kwa miaka. Nilijaribu kucheka ikashindikana. Nikaketi naye.

Kesho kutwa ndiyo Jumapili.

Jumamosi, 14 Septemba

Mzee ameniita. Mimi, si Patriki. Saa tatu asubuhi, jua zuri, kiti kimewekwa uani. Kwenye kigoda kuna wembe, sabuni, brashi na beseni la maji ya moto. Na mkanda wangu wa suruali.

Shikamoo, nikasema. Marahaba. Akauinua ule mkanda kwa mkono wa kushoto, akanionyesha matundu ya kufungia, akasubiri.

Nikamwaga yote. Mkanda wake uliokatika. Maputo. Beberu. Soksi za Babati. Kitalu cha vitunguu nilikiacha ndani, mtu hawezi kutubu kila kitu siku moja.

Mzee akasema alijua tangu Alhamisi ile ya kwanza. Mtu anayetaka kunoa wembe kwa tupa hajawahi kuuona wembe. Nikauliza, sasa kwa nini alinipa? Akasema alitaka kuona nitafika wapi, kwa sababu miezi mitano hakuna kitu kilichomchekesha. Na jana ameona kwa Patriki kwamba mkono usiosita haufai kwake tena. Anataka mwoga.

Ndipo akaniambia jambo ambalo nadhani hata mama mkwe alikuwa halijui, maana alisimama mlangoni na kanga mdomoni.

"Shavu hili la kulia sisikii kitu," akasema. "Ukinikata, sitajua. Kwa hiyo wewe ndiye utakayejua."

Basi hapo nikaelewa miezi mitano yote. Haikuwa mkono tu, wala kiburi. Mzee alikuwa anaogopa uso wake mwenyewe.

Nikamwambia, baba, siwezi, mimi ni mkwe, nakushikaje kidevu? Akasema leo hana mkwe, ana kinyozi. Mama mkwe akageuka akaenda jikoni kwa heshima, akaacha mlango wazi ili aone.

Tulianza upande wa kushoto, ule unaosikia. Alinishika kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima, akaniongoza. Kwenye mkanda, mgongo wa wembe utangulie, makali yafuate. Loo! Kumbe. Shavuni, wembe ulazwe karibu na ngozi, uache nafasi ya punje mbili tu za ngano chini ya mgongo wake. Ngozi ivutwe. Ufuate zinakolala ndevu. Usibonyeze, wembe una uzito wake. Nikikosea alinibana mkono, nikipatia alilegeza. Sauti yake ni ndogo, inakwaruza, kama kuku anayechakura majani makavu mbali. Shavu likatokea. Jeupe zaidi kuliko paji la uso, na laini.

Tulipofika upande wa kulia aliuachia mkono wangu. Akafumba macho.

Sijawahi kuogopa hivyo. Kidonda cha jana kilikuwa pale, nilikizunguka kama mtu anayepita na baiskeli kando ya mtoto aliyelala. Kila mpito nilisimama, nikaangalia, nikauliza, baba, unaumia? Akajibu, unaniulizia nini mimi, jiulize wewe. Maji yalipoa, mama mkwe akayachemsha tena, mara tatu. Adhana ya mchana ilisikika kutoka upande wa sokoni, mimi bado niko chini ya sikio. Jasho linashuka kwenye upara wangu, hakuna nywele za kulizuia.

Tone la damu halikutoka kwake hata moja. Kwangu, kidole gumba, lakini hilo si la kuhesabu.

Mama mkwe alikuja na taulo. Akalipangusa povu lililobaki. Kisha akakigeuza kiganja cha mkono, akampitishia mgongo wa kidole kwenye shavu, mbele yangu mkwe wao, polepole, toka sikio mpaka kidevu, kwenye upande ule usiosikia. Mzee akasema amesikia. Sijui kama ni kweli. Nikaangalia beseni.

Jumapili, 15 Septemba

Jubilei imefana. Mzee aliingia kanisani kwa fimbo, kitenge cha sare, mashavu yanang'aa. Kwaya ilisahau kuanza. Mzee Gidion alikuja tena kutoka Balangdalalu, akamshika bega, akamwangalia karibu, akasema sasa huyu ndiye Bura anayemfahamu, aliyekula maharage yake.

Wakati wa baraka mimi na Patriki tulimwinua mzee kila mtu upande wake. Suruali yangu niliifunga kwa kamba ya katani. Ilishuka kidogo. Patriki aliishika kwa nyuma kwa mkono wake mwingine mpaka sala ikaisha, na hajamwambia mtu. Nimeanza kumfikiria vizuri, japo sitazidisha.

Watu wengi wamenipongeza. Wameuliza nilijifunzia wapi. Nikasema Babati, miaka mitatu, kwa fundi mkali sana.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimetoka kumnyoa mzee tena. Ameamua kwamba kila Jumamosi ni mimi. Saa moja tu leo, maji yamechemshwa mara moja, na bega langu halikukakamaa mpaka mwisho.

Nilikuwa nimejiandaa. Sikio lake lilikuwa hapo, sentimita chache, na maneno kuhusu kitalu niliyapanga vizuri tangu jana, ya kuzunguka kwanza, kwamba nimepita ziwani, kwamba magugu yamekuwa mengi, kwamba ni huruma. Nikamaliza kushoto. Nikahamia kulia. Mzee akafumba macho kama kawaida yake upande huo, na nilipokuwa chini ya taya akasema, bila kuyafumbua:

"Siku nikifa, uso wangu usimwachie mtu mwingine."

Nikaufuta wembe, na ulikuwa safi. Nilimpenda sana yule mzee wakati ule, na nilitaka kumwambia hivyo hivyo. Lakini huu mdomo wangu! Ukasema, baba, ondoa shaka, kazi ya kunyoa marehemu naijua vizuri, kule Babati nilinyoa wengi.

Akacheka upande mmoja mpaka ikabidi niuondoe wembe.

Sijawahi kumgusa maiti hata mmoja katika maisha yangu. Nikiona jeneza nakaa benchi la nyuma. Habari ya kitalu nilikuja kuikumbuka nikiwa nimeshafika nyumbani.

Hata hivyo mpango ninao. Kesho baada ya misa nitamwomba Patriki alale chali kwenye mkeka, asitikisike, apumue kidogo kidogo, nianze mazoezi. Mzee nimeshamwambia asiwe na haraka hata kidogo, kwa sababu kazi hii mtu hawezi kuirudia akikosea, na mimi ninahitaji miaka mingi sana ya kujiandaa.